Bwawa la umbo la figo: Namna ya kuweka vipimo kwenye ramani yenye mistari iliyopinda

Bwawa la kuogelea la mstatili halimsumbui mtu. Ramani inasema mita 10 kwa 4, fundi anapiga vigingi vinne, anapima ulalo pande zote mbili kuhakikisha kona ziko sawa, kazi inaanza.

Bwawa la umbo la figo ni habari nyingine. Kwenye skrini linavutia na mwenye nyumba ameshalipenda, lakini karatasi aliyopewa fundi ina vipimo viwili tu: urefu mita 9.80, upana mita 4.65. Fundi anasimama uwanjani na kamba mkononi na hana pa kuanzia, maana maumbo mengi tofauti yanaweza kuenea ndani ya urefu na upana huo. Mwisho anakadiria kwa jicho, anamwaga chokaa chini, vibarua wanachimba.

Tatizo huonekana baadaye. Nondo zimeshasukwa, zege limeshamwagwa, halafu mawe ya ukingo yaliyokatwa kwa kufuata faili la kompyuta hayakai. Hapo ubishi unaanza na kila mtu ana haki yake: mchoraji alichora sawa, fundi alijenga alichokiona kwenye karatasi. Kilichokosekana ni vipimo ambavyo mtu anaweza kuvifikia kwa futi kamba.

Hali ni hiyohiyo kwa meza ya mapokezi yenye umbo la wimbi, njia ya bustani inayokwepa miti, dari ya jasi iliyochorwa kama jani, au kaunta ya jikoni iliyopinda. Hapa tutalifuata bwawa moja mwanzo hadi mwisho, kwa sababu likieleweka hilo, mengine yanafuata njia ileile.

Kompyuta inajua, karatasi haijui

Mstari uliopinda kwa uhuru kwenye programu za kuchorea huitwa splaini. Jina hilo ni la zamani kuliko kompyuta. Wachoraji wa meli walikuwa na ubao mwembamba unaopindika, wanaubana kwa vipande vizito vya risasi sehemu chache, na ubao wenyewe unatafuta njia laini ya kupita hapo.

Hesabu zake zilikuja kupitia magari. Mwaka 1959 Paul de Casteljau, akiwa katika kampuni ya Citroën nchini Ufaransa, alipata njia ya kukokotoa mistari ya namna hiyo. Miaka michache baadaye Pierre Bézier akafanya kazi inayofanana na hiyo ndani ya Renault. Bodi ya gari imejaa mikunjo isiyo ya duara, na kiwanda kilihitaji kuieleza kwa namba ili mashine ziikate. Mistari ya Bézier bado ipo hadi leo kwenye programu nyingi za michoro.

Kwa hiyo programu inaujua mstari wote, nukta kwa nukta. Ugumu ni kwamba ukali wa kupinda unabadilika kila hatua. Duara lina kitovu kimoja na nusu kipenyo kimoja, splaini haina. Ndiyo maana kwenye AutoCAD mtu akichukua amri ya DIMRADIUS na kubonyeza splaini, programu inakataa na kudai achague duara au tao. Wengi hudhani programu ina hitilafu. Kumbe iko sahihi: imeulizwa swali lisilo na jibu moja.

Wapo wanaomaliza tatizo kwa kuandika pembeni ya mchoro "fuata umbo lilivyo". Hicho si kipimo. Na siku hizi ramani nyingi zinamfikia fundi kwa WhatsApp, kwenye simu, ambako hata kuweka rula juu ya mchoro haiwezekani kwa sababu picha inakuzwa na kupunguzwa kwa vidole.

Kwanza jaribu matao

Kabla ya kuhangaika na splaini, mchoraji ajiulize kama umbo lenyewe linahitaji kuwa huru kiasi hicho. Maumbo mengi yanayoonekana ya asili yanaweza kuchorwa kwa matao machache ya duara yaliyounganishwa vizuri, na jicho la kawaida lisione tofauti.

Mfano mkubwa kabisa ni Jumba la Opera la Sydney, Australia. Jørn Utzon alishinda shindano la usanifu wake mwaka 1957 kwa michoro ya mapaa yaliyopinda bila hesabu maalumu. Wahandisi walisumbuka nayo kwa miaka, maana kila paa lilikuwa na mkunjo wake. Suluhisho lilipatikana mwaka 1961: mapaa yote yakachukuliwa kama vipande vya uso wa tufe moja lenye nusu kipenyo cha mita 75 hivi. Kuanzia hapo kila kipande kikawa na kipimo kinachojulikana, na vipande vya zege vikaweza kutengenezwa kwa kurudia kalibu zilezile. Jengo lilifunguliwa mwaka 1973.

Bwawa la nyumbani halihitaji akili za Sydney, ila wazo ni lilelile. Umbo la figo lilipata umaarufu baada ya bwawa ambalo msanifu wa bustani Thomas Church alilibuni huko Sonoma, California, mwaka 1948, na tangu wakati huo limeigwa kila mahali. Hili la kwetu linachorwa kwa matao manne tu:

Ncha kubwa: kitovu A, nusu kipenyo mita 2.20.

Ncha ndogo: kitovu B, nusu kipenyo mita 1.80. Kutoka A hadi B ni mita 5.80.

Bonde la ndani: kitovu C, nusu kipenyo mita 3.00. Kutoka A hadi C ni mita 5.20, kutoka B hadi C ni mita 4.80.

Mgongo wa nje: kitovu D, nusu kipenyo mita 12.00. Kutoka A hadi D ni mita 9.80, kutoka B hadi D ni mita 10.20.

Vitovu C na D vyote viko upande wa bonde. Urefu wa bwawa zima unatoka kwa kujumlisha 2.20, 5.80 na 1.80, yaani mita 9.80. (Kwamba namba hiyo inafanana na umbali wa A hadi D imetokea tu, haina maana yoyote.)

Namba za C na D hazikuokotwa. Matao mawili yanaungana bila kona pale tu vitovu vyake viwili na sehemu ya kukutana vinapokuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Matao yakipinda kinyume, kama bonde na ncha, nusu vipenyo vinajumlishwa: 3.00 na 2.20 ni 5.20, 3.00 na 1.80 ni 4.80. Yakipinda upande mmoja, kama mgongo na ncha, kidogo kinatolewa kwenye kikubwa: 12.00 kutoa 2.20 ni 9.80, 12.00 kutoa 1.80 ni 10.20.

Sasa fundi ana kazi anayoijua. Anapiga kigingi A na B umbali wa mita 5.80. Watu wawili wanashika futi kamba, mmoja A kwa mita 5.20, mwingine B kwa mita 4.80, na zinapokutana ndipo C. Vivyo hivyo kwa D. Kisha anafunga kamba kwenye msumari wa kila kitovu na kuzungusha chokaa. Kipimo cha kuhakiki: kutoka C hadi D lazima iwe mita 5.58. Ikitoka 5.40 au 5.75, kuna kigingi kimekaa vibaya na afadhali kijulikane kabla jembe halijagusa ardhi.

Kwenye programu, umbo hilo linachukua dakika chache. Mchoraji anachora duara A na B, kisha anatumia amri ya CIRCLE kwa chaguo la Ttr, yaani duara linalogusa vitu viwili kwa nusu kipenyo anachotaja. Anafanya hivyo kwa mita 3.00 na kwa mita 12.00, halafu anakata mistari iliyozidi kwa TRIM. Baada ya hapo DIMRADIUS inakubali kila tao, maana kila moja ni sehemu ya duara halisi.

Kwa tao ambalo tayari lipo, mfano juu ya mlango, kitovu hupatikana kwa vipimo viwili: upana na kimo cha katikati. Zidisha upana kwa upana, gawa kwa kimo mara nane, kisha jumlisha nusu ya kimo. Uwazi wa mita 3.00 wenye kimo cha mita 0.45 unatoa nusu kipenyo cha mita 2.725, na urefu wa ukingo uliopinda ni kama mita 3.18. Anayenunua mbao za kalibu kwa kuangalia ile mita 3.00 tu atapungukiwa.

Kitovu kikiangukia kwa jirani

Hapa ndipo njia ya matao inapokwama. Kitovu D kiko mita 9.55 kutoka mstari wa A na B. Kwenye kiwanja chenye nafasi si tatizo. Kwenye kiwanja cha kawaida cha mjini, mita 9.55 zinaweza kuwa ng'ambo ya ukuta, sebuleni kwa jirani. Hakuna atakayemruhusu fundi apige msumari kwenye zulia.

Na wakati mwingine umbo haligeuziki kuwa matao. Msanifu amechora splaini, mteja ameidhinisha, na ndiyo inayotakiwa.

Dawa ya yote mawili ni kuacha kutafuta kitovu na badala yake kutoa jedwali la umbali. Unachorwa mstari mmoja ulionyooka kando ya umbo, tuuite mstari mama. Juu yake zinawekwa alama kila baada ya umbali maalumu, hizo ni vituo. Kutoka kila kituo, kwa pembe mraba, inatajwa mita ngapi hadi ukingo wa kwanza na ngapi hadi wa pili.

Mstari mama uwe nje ya eneo la kuchimba. Inaonekana jambo dogo, lakini ramani nyingi huweka mstari huo katikati ya umbo kwa sababu unapendeza hapo, na siku ya kwanza ya kuchimba vigingi vyake vyote vinakwenda na udongo.

Kwa bwawa letu, mstari mama uko upande wa mgongo, sambamba na mstari wa A na B, mita 4.00 kutoka hapo. Kituo 0 kiko usawa wa mwanzo wa ncha kubwa. Namba ya kwanza ni ukingo wa karibu, ya pili ukingo wa mbali, zote kwa mita:

Kituo 0: 4.00 (nukta moja)
Kituo 1: 2.16 na 5.84
Kituo 2: 1.79 na 6.19
Kituo 3: 1.63 na 6.05
Kituo 4: 1.55 na 5.43
Kituo 5: 1.56 na 5.10
Kituo 6: 1.65 na 5.12
Kituo 7: 1.83 na 5.50
Kituo 8: 2.10 na 5.80
Kituo 9: 2.50 na 5.50
Kituo 9.80: 4.00 (nukta moja)

Jedwali hilo linaingia kwenye ujumbe mmoja wa simu. Halipotezi maana hata picha ya ramani ikififia.

Adui wake ni pembe mraba. Fundi akikadiria mraba kwa jicho, kwenye umbali wa mita 5 nukta inaweza kuhama vibaya. Kanuni ya 3, 4, 5 inasaidia. Lakini kilicho salama zaidi ni kutoa kwa nukta chache muhimu vipimo viwili kutoka vigingi viwili vya mstari mama. Mfano, ukingo wa mbali kwenye kituo cha 5 uko mita 7.14 kutoka kigingi cha kituo 0 na mita 7.14 pia kutoka kigingi kilichopigwa mita 10. Futi kamba mbili zikikutana hapo, hakuna haja ya kubishana kuhusu mraba.

Ardhi ikiwa na mteremko, futi kamba ishikwe usawa wa maji na nukta ishushwe kwa timazi. Kulaza futi kamba kufuata mteremko kunafanya bwawa lipungue kila upande.

Vituo viwe mbali kiasi gani?

Mita moja iliyotumika hapo juu si amri. Kuna hesabu fupi ya kuamua: chukua umbali kati ya nukta mbili, uzidishe kwa wenyewe, gawa kwa nusu kipenyo mara nane. Jibu ni kiasi ambacho ukingo halisi unatoka nje ya mstari ulionyooka unaounganisha nukta hizo.

Kwenye mgongo wa mita 12, nukta zikiwa mita moja moja, kosa ni kama milimita 10. Hilo linavumilika kwenye udongo. Kwenye ncha ndogo ya mita 1.80, umbali uleule unaleta kosa la milimita 69, ambalo hakuna lipu itakayolificha. Nukta zikisogezwa hadi nusu mita, kosa linashuka hadi milimita 17, na kwa robo mita linabaki milimita 4 hivi. Kila umbali unapopunguzwa nusu, kosa linapungua mara nne.

Kwa hiyo vituo havina sababu ya kulingana. Viwe vichache pale mstari unapokaribia kunyooka, viongezwe pale unapokaza. Kwenye jedwali letu sehemu inayolia ni ncha mbili, ambako ukingo unageuka na kukimbia kutoka kwenye mstari mama. Kati ya kituo 0 na 1 inafaa kuongeza kituo cha 0.25 chenye 2.98 na 5.02, na cha 0.50 chenye 2.60 na 5.40.

Kati ya kigingi na kigingi fundi asinyooshe kamba. Bomba jembamba la plastiki, lile la kupitishia waya za umeme, likipindishwa kugusa vigingi vyote linafanya kazi ileile ya ubao wa wachoraji wa meli. Likigoma kugusa kigingi kimoja wakati mingine yote limeigusa, kigingi hicho kina matatizo.

Pesa iko kwenye eneo na mzingo

Vigae, rangi ya kuzuia maji, dawa ya maji na mawe ya ukingo vyote vinanunuliwa kwa eneo au kwa mzingo. Programu inatoa namba hizo papo hapo: kwenye AutoCAD amri ya AREA kwa umbo lililofungwa, na LIST kwa urefu wa mstari, hata kama ni splaini. Bwawa letu lina eneo la mita za mraba 34.91 na mzingo wa mita 24.66.

Namba hizi ziandikwe kwenye ramani. Zisipoandikwa, mtu atazikokotoa kutoka kwenye jedwali, na hapo kuna shimo. Akichukua upana wa kila kituo na kupiga wastani kati ya kituo na kituo, vituo vikiwa vya mita moja, atapata kama mita za mraba 33.5. Zimepotea karibu moja na nusu, na nyingi ziko kwenye zile ncha za mviringo ambazo hesabu imezikata kama pembetatu. Kwa kina cha wastani cha mita 1.5 hiyo ni zaidi ya lita 2,000 za maji ambazo hazikuhesabiwa. Vituo viwili vilivyoongezwa kwenye ncha kubwa peke yake vinarudisha zaidi ya nusu mita ya mraba.

Eneo hilo ni la uso wa maji. Vigae vya kuta vinahesabiwa kwa mzingo mara kina, na kwenye ukuta uliopinda vigae vikubwa havikai. Kigae cha sentimita 30 kwenye mkunjo wa mita 1.80 kinaacha pengo la milimita 6 hivi katikati au pembeni. Ndiyo sababu mabwawa ya namna hii huvikwa vigae vidogo vidogo.

Mitego ya programu

Wa kwanza ni amri za MEASURE na DIVIDE. Zinaweka nukta kwenye splaini kwa umbali sawa, na mchoraji mgeni hufurahi akidhani amepata vituo. Umbali huo ni wa kufuata mstari wenyewe ulivyopinda, si wa kufuata mstari mama, kwa hiyo nukta zinaangukia kwenye namba zenye desimali za ajabu. Zinafaa kwa kupanga taa au nguzo pembezoni mwa njia. Kwa jedwali la umbali, chora mistari sambamba inayokata umbo kila kituo, kisha pima pale inapokatana na ukingo.

Wa pili ni mahali pa kuanzia kuhesabu. DIMORDINATE ndiyo amri nzuri kuliko zote kwa kazi hii, maana inaandika umbali wa kila nukta kutoka sifuri bila kujaza ramani mishale. Lakini sifuri yake ni ya UCS inayotumika wakati huo. Isipohamishiwa mwanzo wa mstari mama, vipimo vitatoka mahali pasipojulikana na kuonekana kama mamilioni.

Wa tatu ni kugeuza splaini kuwa matao. AutoCAD inaweza: PLINECONVERTMODE ikiwekwa 1, amri ya PEDIT inabadilisha splaini kuwa mstari wenye vipande vya tao badala ya vipande vilivyonyooka. Inaonekana kama muujiza, mpaka mtu aone nusu vipenyo vyake: 2.1837, 3.0462, na kuendelea, vipande kwa makumi. Matokeo hayo ni mwongozo tu. Mchoraji ayatazame, achague namba za mviringo zilizo karibu, na achore matao machache upya yakigusana sawasawa.

Asiye na AutoCAD si lazima akwame. LibreCAD ni ya bure na inachora matao na splaini kwenye mafaili ya DXF.

Kwa vitu vidogo, chapisha ukubwa halisi

Kwa kichwa cha kitanda, kaunta au bango, jedwali la vituo ni kujitesa. Umbo lichapishwe kwa ukubwa wake halisi, libandikwe kwenye mbao nyembamba, likatwe na kutumika kama kielelezo cha kupigia mstari.

Hatari iko kwenye mashine ya kuchapa. Mtu wa steshenari akiacha chaguo la kulazimisha mchoro uenee kwenye karatasi, unatoka mdogo kwa asilimia kadhaa na hakuna atakayegundua kwa macho. Kinga yake ni kuchora pembeni ya umbo mstari wa milimita 100 kwenda kulia na mwingine wa milimita 100 kwenda juu. Fundi anaweka rula. Ukisoma 97, karatasi inarudi dukani. Mistari miwili inahitajika kwa sababu baadhi ya mashine hukosea upande mmoja tu.

Kazi ikienda kwenye mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, karatasi haina kazi, faili la DXF linatosha. Hata hivyo faili lililochorwa kwa milimita likifunguliwa kama inchi linakuza kitu mara 25.4, na likichorwa kwa inchi likafunguliwa kama milimita linakipunguza kiasi hichohicho. Kutaja kwenye ujumbe "upana wote milimita 1,840" kunatosha kumwamsha mwendeshaji kabla hajaharibu mbao.

Kutoka uwanjani kurudi kwenye kompyuta

Safari ya kurudi nayo ipo. Bwawa limeshamwagwa zege, limetofautiana kidogo na ramani, na mkata mawe anataka umbo lilivyo sasa, si lilivyokusudiwa.

Picha ya simu iliyopigwa kutoka ghorofani inasaidia kuona, haitoshi kupima. Kilicho mbali kinaonekana kidogo kuliko kilicho karibu, na umbo lote linavutwa. Hapa mstari mama uleule unarudi kazini, ndiyo faida ya kuwa ulipigwa nje ya shimo na vigingi vyake bado vipo. Vituo vilevile vinapimwa upya na namba mpya zinaandikwa pembeni ya zile za zamani.

Wakati wa kuchora upya, mtu asipitishe splaini kwenye kila nukta aliyopima kwa bidii. Kila kipimo cha futi kamba kina kosa la milimita kadhaa, na splaini inayolazimishwa kupita nukta nyingi zilizobanana inaanza kuyumba kama barabara ya vumbi baada ya mvua. Nukta chache zilizochaguliwa vizuri, nyingi kwenye kona kali na chache kwenye sehemu zilizonyooka, zinatoa ukingo ulio karibu zaidi na zege lenyewe. Zilizobaki zinatumika kuhakiki: zikiwa ndani ya milimita 10 za mstari, mkata mawe anaweza kuwasha mashine.